Kabla ya kumpa daktari uso: mambo ya kupima ukishavuka miaka 55

Wengi wanaofikiria upasuaji wa uso ukubwani huanza na bei. Bei ije baadaye. Kwanza ujue ni kitu gani hasa usoni kinachokukera, kwa sababu kisu kina kazi chache tu kinazozimudu: kuinua kilichoshuka na kupunguza kilichozidi. Madoa hakiyaondoi, mistari myembamba ya juu ya mdomo hakiifuti, na ngozi iliyochakaa hakiifanyi mpya. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi ya kuikinga na jua, kwa hiyo makunyanzi madogo huchelewa. Kinachotangulia kuonyesha umri ni macho mazito na mashavu yaliyoteremka. Ndiyo maana kwetu malalamiko ya kawaida ni "kila mtu ananiuliza kama naumwa", si "nimekunjamana".

Anza na kilicho rahisi. Vile vidutu vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na pembeni mwa macho, ambavyo huwa vingi kadiri miaka inavyosonga na mara nyingi ni vya ukoo, havina madhara wala havihitaji upasuaji mkubwa. Daktari wa ngozi huviunguza kidogokidogo kwa umeme mdogo, baada ya krimu ya ganzi. Akiunguza sana hubaki doa jeupe au jeusi, basi aanze na vichache kando ya uso, usubiri wiki sita uone ngozi inavyopona. Wako watu ambao vikishaondoka hivyo, hamu yote ya kukatwa inaisha.

Kama bado unaona uso umeshuka, kaa wima mbele ya kioo mchana, bila vipodozi. Weka vidole viwili mbele ya sikio, uvute ngozi kwenda juu na nyuma sentimita moja, basi. Hapo ndipo unapoona kwa makadirio kile upasuaji wa kuvuta uso unachoweza kukupa. Watu huvuta sentimita tatu, wakaipenda sura wanayoiona, kisha wakaenda kuidai kwa daktari. Daktari anayekubali kukupa hiyo ndiye wa kumkimbia.

Sasa macho, na hapa nakaa zaidi kwa sababu wengi waliodhani wanahitaji kuvutwa uso mzima tatizo lao liko kwenye kope. Kope nzito zina asili tatu, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni ngozi ya kope ya juu iliyozidi, inayolala juu ya nywele za kope. Ya pili ni nyusi iliyoshuka: ukiinua nyusi kwa kidole na uzito ukaisha, kukata ngozi ya kope kutaiteremsha nyusi zaidi. Ya tatu ni msuli unaonyanyua kope kulegea. Tazama ukingo wa kope ulivyokaa juu ya mboni. Kawaida kutoka katikati ya mboni hadi ukingo huo ni milimita 4 hadi 5. Zikibaki 2 au pungufu, msuli ndio wenye shida, na kupunguza ngozi peke yake hakutasaidia. Kope inayoanguka zaidi jioni kuliko asubuhi inahitaji uchunguzi wa mishipa ya fahamu na misuli. Kope ya upande mmoja iliyoanguka ghafla ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kupunguza ngozi ya kope za juu huchukua kama saa moja, kwa ganzi ya sindano, mgonjwa yuko macho. Kati ya chini ya nyusi na nywele za kope lazima ibaki ngozi ya angalau milimita 20, la sivyo jicho halifungi usiku na linakauka. Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Kabla ya yote pimwa machozi: kikaratasi huwekwa ndani ya kope ya chini kwa dakika 5, na kikilowa chini ya milimita 10 daktari anapaswa kusitasita. Kovu hujificha kwenye mkunjo, na jambo la kufurahisha kwa wenye keloidi, yaani makovu yanayovimba na kuota kupita mpaka wa jeraha, ni kwamba ngozi ya kope ni nadra sana kuota keloidi.

Kope za chini ni habari nyingine. Ile mifuko ni mafuta yaliyosukumwa mbele, na kuyatoa yote humwacha mzee na macho yaliyozama. Vuta kope ya chini mbele kwa vidole viwili: ikitoka zaidi ya milimita 8 kwenye jicho, au ukiiachia isirudi mara moja bila kupepesa, imelegea. Kope ya namna hiyo ikikatwa ngozi bila kukazwa pembeni hupinduka nje, nyekundu, inachuruza machozi. Marekebisho yake ni magumu kuliko upasuaji wenyewe.

Kwa Waislamu swali la kubadilisha maumbile huja mapema, na halina haja ya kukwepwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kutibu kasoro na kurudisha kazi ya kiungo, lakini halikuruhusu kuondoa makunyanzi kwa upasuaji wala sindano isipokuwa ni hali ya ugonjwa. Kope inayoziba kuona inaingia upande wa tiba. Omba kipimo cha uwanja wa kuona, mara moja kope ikiwa imeachwa ilivyo, mara ya pili ikiwa imeinuliwa kwa plasta. Tofauti ikiwa kubwa una karatasi ya kumwonyesha shehe wako, na ya kuipeleka kwenye bima pia, maana bima kwa kawaida hazilipii urembo.

Tukija kwenye kuvuta uso wenyewe. Daktari hukata kuanzia nywele za upande wa paji, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe na kupanda nyuma ya sikio hadi kwenye nywele. Chini ya ngozi kuna tabaka la utando na misuli, ambalo madaktari Mitz na Peyronie walilieleza mwaka 1976, na hilo ndilo linalopaswa kubeba uzito wa kuvutwa. Anayevuta ngozi tupu hukupa uso wa kubanwa unaolegea mapema, ndewe zilizoshuka kama zinavutwa na jiwe, na kovu linalopanuka. Muulize daktari waziwazi: unakaza tabaka gani? Kazi nzima ni saa 3 hadi 5, pamoja na shingo. Matokeo ya kazi nzuri hukaa miaka 7 hadi 10 hivi, huku ukiendelea kuzeeka kama kawaida.

Vitabu vingi vinavyoeleza mkato huu vimeandikwa kwa nywele zisizosukwa. Mwanamke aliyesuka kwa kubana miaka 40 mara nyingi ameshapoteza nywele za pembeni mwa paji, na kovu lililokusudiwa kujificha humo halina pa kujificha. Fumua misuko kabla ya kwenda kuonana na daktari, aone ukingo halisi wa nywele, ili mkato ufuate ukingo badala ya kupanda juu yake. Mwenye kuvaa mtandio ana nafuu ya kusitiri, ila asiubane wiki mbili za mwanzo, maana ngozi iliyoinuliwa inaishi kwa mishipa midogo ya damu. Kwa mwanamume, ngozi yenye ndevu ikivutwa huweza kuingia hadi sikioni, naye atanyoa pale ambapo hakuwahi kunyoa.

Keloidi ndiyo inayotosha kuamua jambo hili. Ndewe, nyuma ya sikio na ukingo wa taya ni mahali inapopenda kuota. Jitazame: matundu ya hereni yalipona vipi? Kovu la chanjo begani? La kujifungua kwa upasuaji? Ndugu wa tumbo moja je? Ukiwa na keloidi sikioni, ushauri wangu ni kuacha kuvuta uso, hata akitokea wa kukuhakikishia vinginevyo. Kope za juu bado unaweza. Wa pili wa kuambiwa asubiri ni mtumiaji wa mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zimechanganywa steroidi kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo hukondesha ngozi na kuchelewesha kupona, na haidrokwinoni hubadilisha rangi ya ngozi kuwa ya kijivujivu ambayo hakuna kisu cha kuiondoa. Mwambie daktari ukweli wa miaka uliyotumia. Kuacha ghafla nako huchachua ngozi, kwa hiyo uache kwa kusimamiwa na daktari wa ngozi, miezi kadhaa kabla.

Umri wenyewe si kizuizi. Utafiti wa Cleveland Clinic uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha waliovuka miaka 65 na walio chini yake, na haukukuta tofauti ya maana ya madhara, lakini hao walikuwa wamechujwa kwa afya. Kinachokataza ni moyo mbovu, sukari isiyotulia (kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita, wengi hukitaka chini ya asilimia 7.5), sigara na presha. Sigara iachwe wiki 4 kabla na 4 baada, pamoja na ugoro na shisha. Nikotini hubana mishipa na ngozi ya nyuma ya sikio hufa ikawa nyeusi. Daktari Rees na wenzake mwaka 1984 waliona wavutaji wana hatari hiyo karibu mara 12 ya wasiovuta.

Presha ndiyo mama wa tatizo linalotokea zaidi, damu kuvilia chini ya ngozi. Huwapata wanawake 1 hadi 3 kati ya 100, wanaume zaidi, na kwa kawaida ndani ya saa 24 za mwanzo. Dalili ni maumivu na uvimbe wa upande mmoja unaozidi. Hapo unarudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo, ama ngozi inakufa. Kwa hiyo meza vidonge vya presha hata asubuhi ya upasuaji kama daktari wa usingizi alivyoelekeza, na usilale mahali ambapo daktari wako hafikiki. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, vidonge vya vitamini E, vya kitunguu saumu na mafuta ya habasoda vyote vitajwe. Aliyeandikiwa aspirini au warfarini kwa ajili ya moyo asiache kwa uamuzi wake. Mwenye kuchoma sindano za kupunguza mwili naye aseme, kwa kuwa tumbo huchelewa kumwaga chakula na chaweza kupanda kwenye mapafu wakati wa usingizi. Kwanza uzito utulie miezi 6.

Jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na uangalie kama amesajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa plastiki. Shahada ya COSECSA (chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini) ya fani hiyo ni alama nzuri. Wanaokwenda Istanbul au India wapange siku 14 za kukaa huko, na kabla ya kulipa wawe na daktari nyumbani aliyekubali kwa maandishi kuwapokea. Bei ya kuandikwa itaje daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, kulala, dawa na nani analipia marekebisho. Fila (sindano za kujaza uso) na nyuzi za kuvutia ngozi wanazokuuzia badala ya upasuaji hazinyanyui shingo iliyoshuka, na fila ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kupofusha.

Baada ya kukatwa, mirija ya kutoa damu hukaa siku 1 hadi 2, nyuzi hutoka siku ya 5 hadi ya 10, weusi wa damu iliyovilia usoni huisha wiki ya 3. Ganzi ya mashavu na ndewe hukaa miezi, basi kausha nywele kwa hewa baridi, kwa sababu utaungua bila kujua. Mdomo ukienda upande, mara nyingi mshipa wa fahamu umechoshwa tu na hurudi ndani ya miezi michache. Jua likae mbali na kovu. Jeraha likishafunga, bandika plasta ya silikoni kwa muda wa saa 12 kila siku, miezi 3. Kovu likianza kuwasha na kunyanyuka, usingoje miadi: sindano ya triamsinoloni, steroidi ya kunywesha kovu, hufanya kazi vizuri kovu likiwa bado changa.