Kifua kimefunguka

Alfajiri ya leo hapa Rishikesh, India, kando ya mto Ganga, nimelia bila huzuni yoyote. Tulikuwa kwenye nadi shodhana, zoezi la kupumua la yoga: unavuta pumzi kwa tundu la kushoto la pua, unaitoa kwa la kulia, kisha unageuza. Mafundisho ya yoga yanasema njia ya kushoto ya nguvu ya uhai ni ida, ya kulia pingala, na zikisawazika uhai huingia sushumna, mfereji wa katikati ya uti wa mgongo. Kwangu joto lilianzia kitovuni, likapanda taratibu hadi anahata, chakra ya moyo, yaani kituo cha nguvu ya uhai kifuani, likatulia hapo. Najua mfereji huo hauonekani kwa eksirei. Nilichokihisi nimekihisi! Palepale nikamsamehe shangazi tuliyenuniana tangu msiba wa baba. Nimeshampigia simu.