Kusali Juu ya Kifusi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Nimewaandikieni tafakari wiki nyingi, na leo lazima niungame. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa sisali. Misa nilikwenda, kwa sababu bibi ninayemtunza hapa Ireland hawezi kwenda peke yake, lakini nikishamfikisha na kufunga breki za kiti chake, nilikaa pale kama gunia. Baadhi yenu mnakijua kisa. Miaka minne nilituma pesa Kitui, kwetu Kenya, za kumjengea mama nyumba. Mwezi wa tatu nikaletewa picha: msingi umeota majani, na tofali zisizojaza hata toroli mbili. Pesa zimeliwa, na aliyezila ni mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Toka siku hiyo nikianza Baba Yetu, nikifika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea", sauti inakatika. Nikajiambia, hili jambo likiisha, nitarudi kwa Mungu nikiwa na moyo safi.

Jumapili iliyopita bibi akaniomba nimpeleke kwao, Graiguenamanagh. Wenyeji hulikata jina, wanasema Graig tu. Ni mji mdogo ulio ukingoni mwa mto Barrow, una daraja la mawe na mashua nyembamba ndefu zimefungwa kando. Ukiwa mjini uko kaunti ya Kilkenny. Ukivuka daraja uko Carlow. Jina lake kwa Kiairishi linawataja wamonaki, yaani watawa wa kiume, na kweli katikati ya mji kuna abasia yao ya Duiske, iliyoanzishwa mwaka 1204. Bibi alibatizwa humo.

Tukaingia. Kanisa ni refu, jeupe, tulivu, lakini niliona nguzo kama zimezama, kama mtu aliyesimama kwenye maji ya magoti. Bibi akanionyesha ngazi karibu na mlango. "Shuka ukaone," akasema, "mimi nitakungoja." Nikashuka. Huko chini, zaidi ya mita moja chini ya sakafu tunayokanyaga, kuna kipande cha sakafu ya kwanza kabisa, vigae vya udongo vya karne ya 13. Nikapiga magoti nikakigusa kimoja. Kilikuwa baridi, na katikati kimelika.

Nilipopanda, bibi akanisimulia. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza aliifunga abasia mwaka 1536, wamonaki wakatawanyika. Jengo likaachwa. Mwaka 1774 mnara ukaanguka ndani ya kanisa, mawe yote yale yakajaa humo. Halafu mwaka 1813 Wakatoliki wa mji wakaezeka sehemu yake wakaanza kusali tena. Na kile kifusi? Hawakukitoa. Walikisawazisha, wakatengeneza sakafu juu yake, wakaweka altare. Kanisa lilikarabatiwa upya miaka ya 1970 na 1980, lakini hadi leo ukienda kupokea Ekaristi pale Graig, unatembea juu ya mnara ulioanguka.

Wapendwa, nilishindwa kusimama. Nilikaa kwenye benchi nikalia, na bibi akanishika mkono bila kuuliza kitu.

Maana mimi nilikuwa nangoja kifusi kiondolewe. Ndivyo tunavyofanya wengi. Mnamkumbuka Nehemia sura ya nne: watu wa Yuda wanalia kwamba wabebaji wamechoka na kifusi ni kingi, hawawezi kuujenga ukuta. Kifusi chenyewe hakikuwa adui. Kilichowalegeza mikono ni kukitazama. Na Zaburi ya 102 inasema watumishi wa Bwana wanayapenda mawe ya Sayuni na kuyaonea huruma mavumbi yake. Mavumbi! Zaburi haikungoja Sayuni ijengwe kwanza ndipo ipendwe.

Sasa niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, na ninaanza na mimi. Dada uliyeacha jumuiya kwa sababu ndoa imevunjika na unaona haya kukaa peke yako mstari wa mbele, umeacha kusali mpaka lini? Kaka uliyepoteza kazi, unayesema utarudi ukipata sadaka ya kutoa, nani alikuambia Mungu anakungoja na risiti? Wewe mama ambaye mwanao yuko kwenye dawa za kulevya, unaona midomo ya watu kanisani, umeifunga rozari kwenye droo. Fungua hiyo droo leo. Hao maskini wa Graig hawakuwa na uwezo wa kubeba mnara mzima nje. Walikuwa na uwezo wa kusawazisha, wakasawazisha. Inatosha! Hujaombwa usahau mnara ulikuwa wapi, wala kusema haukuanguka. Chukua hayo mawe yaliyokuumiza, yalaze chini, simama juu yake, sema Baba Yetu. Ukifika pale sauti inapokatika, anza tena. Mimi wiki hii nimeanza tena mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwahesabia.

Na tusisingizie kwamba wenzetu wa zamani walikuwa na nafasi tulivu ya kusali. Mchana tulishuka St Mullins, kijiji kilicho kilomita kama sita kufuata mto, kwa Mtakatifu Moling, somo wa kijiji hicho. Ilikuwa Jumapili ile kabla ya tarehe 25 Julai, ambayo wenyewe huiita Pattern, yaani sikukuu ya somo wao. Watu wa ukoo hurudi kutoka kila mahali, husafisha makaburi ya wazee wao na kuyapamba maua, padre huongoza sala hapo hapo makaburini. Kwetu tungesema tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, ila hapa kuna vibanda vya peremende na watoto wanakimbizana. Katikati ya makaburi kuna altare ya jiwe, iko wazi kwa mvua. Hapo Misa ilisomwa enzi za sheria zilizowabana Wakatoliki, ilipokuwa hatari hata kuonekana na padre.

Chini kidogo kuna kisima cha Mtakatifu Moling. Maji yanatokea kwenye matundu ya jiwe ndani ya kijumba kisicho na paa. Mtawa mmoja Mfransisko wa Kilkenny, John Clyn, aliandika kwamba mwaka 1348, tauni ilipokuwa inaua, watu kwa maelfu walikuja mahali hapa kuhiji na kutembea majini, maaskofu na maskini pamoja. Anasema wengine walikuja kwa ibada, na wengi zaidi kwa hofu. Nilifurahi kusikia hivyo. Walikuja na hofu yao, tauni ikiwa bado ipo.

Bibi aliniomba nimng'olee magugu kwenye kaburi la kaka yake. Mizizi ilikuwa imeshika kweli kweli, kucha zikajaa udongo. Nikiwa nimeinama akaniambia kwamba yeye na huyo kaka hawakusemezana miaka kumi na moja, kwa ajili ya shamba, na kwamba walipatana huyo kaka akiwa tayari hospitalini. Akanyamaza. Kisha akasema, "Pale pembeni bado kuna majani." Nikayang'oa.

Nawakumbuka mapadre wa Kiltegan, wale wamisionari waliohudumu kwetu Kitui tangu miaka ya 1950. Walitoka katika nchi hii hii. Nilipokuwa mtoto niliwaona kama watu waliozaliwa na imani iliyonyooka, isiyowahi kuanguka hata jiwe moja. Sasa najua babu zao walisali juu ya nini.

Jumatano usiku, baada ya zamu, nilimpigia mdogo wangu. Alipokea, hakusema kitu. Nikasikia jogoo wa jirani, ingawa kule ilikuwa bado giza. Nikamuuliza, "Mama alikula jana?"

"Alikula, dada."

"Mvua je?"

Akachukua muda. "Bado. Lakini ule msingi nimeufyeka."