Tambi za kamba, dakika kumi na tano

Nilimwambia mama dakika kumi na tano. Alikuwa barazani kwenye mkeka anachambua mchele, akanitazama juu ya miwani.

"Kamba na tambi," akasema, kama anayerudia jina la mtu asiyemfahamu. "Sukari unaweka kiasi gani?"

Hapo ndipo ningejua siku itakuwa ndefu. Kwetu tambi ni futari. Unazikaanga mpaka zipate rangi, unamimina tui, iliki, sukari, na zabibu kavu ukijaliwa. Kumwambia mama yangu kwamba kuna watu wanakula tambi na chumvi, tena na kamba, tena na malimau, ni sawa na kumwambia chai imeungwa bizari. Nikamjibu hakuna sukari. Shangazi, aliyekuwa pembeni anasuka ukili, alicheka hadi ukili ukamtoka mikononi.

Niliondoka Dar 2017, mabasi ya mwendokasi yakiwa na mwaka mmoja tu barabarani. Naishi Hamburg, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na zamu zangu nyingi ni za jioni. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010, na kuna siku upepo ukivuma kutoka mto Elbe na meli zikipiga honi najidanganya kidogo kwamba niko Kivukoni. Baridi huwa hairuhusu uongo mrefu.

Chakula chenyewe nilifundishwa na mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Napoli, baada ya kuniona siku tatu mfululizo nakula mkate mkavu wakati wa mapumziko. Alinieleza hesabu yake: maji ya tambi yakishachemka, mengine yote yanapikika kabla tambi hazijaiva. Ndivyo ilivyo. Nafika nyumbani saa tano usiku, natoa kamba kumi kwenye friza, nawatumbukiza kwenye maji baridi wayeyuke wakati navua koti na viatu. Tambi gramu 100, chumvi ya kutosha kwenye maji. Huku mafuta ya zeituni, punje tatu za saumu zilizokatwa vipande vyembamba, moto mdogo. Kamba dakika moja upande huu, dakika moja upande ule. Kisha tambi zinaingia na upawa wa maji yake, ganda la limau lililokwaruzwa, maji ya limau, basi. Nakula nimesimama, kutoka kwenye sufuria.

Mama wa Napoli ana makatazo yake. Saumu isiungue, itatia uchungu chakula chote. Kamba akijikunja kama herufi C ameiva, akijikunja mpaka kichwa kikakutana na mkia umemfanya mpira. Na jibini kwenye vitu vya baharini haimo, usimwulize kwa nini.

Sasa, ningeweza kununua kamba wa friza dukani hapo hapo Magomeni, nyumbani kwetu. Lakini mtu aliyerudi baada ya miaka mingi huwa na kiherehere, na mimi nilitaka wa Feri, soko la samaki.

Nilipanda mwendokasi Mapipa alfajiri, nikashuka Kivukoni bado kunapambazuka. Feri asubuhi haina adabu, na ndiyo raha yake. Mnada unapigwa huku, kule watu wanapaa magamba, moshi wa wakaanga samaki unakuchoma macho, na kila anayebeba beseni anaamini wewe ndiye uliyemzibia njia. Nilipita ngisi, pweza na kambakoche, ambaye bei yake ilinifanya nimwamkie tu na kuendelea, mpaka nikafika kwa kijana mwenye kambamiti.

"Rufiji hawa, bosi. Jana walikuwa wanaogelea."

Wote huambiwa ni wa Rufiji. Lakini mama alitufundisha tangu watoto: tazama shingo. Kichwa kikiwa kimeshikana na mwili sawasawa na ganda linang'aa, chukua. Kichwa kikining'inia au kikianza weusi, pita. Na unuse: anatakiwa anuke bahari. Akinuka kamba, mwachie mwenyewe. Hawa walinuka bahari. Nikachukua kilo mbili, nikalipa, nikasema neno nililokuwa nalo mdomoni tangu utoto: "Nitilie kwenye rambo."

Kimya. Halafu wakacheka wote, hata mama wa meza ya pili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, nami habari niliisikia, ila ulimi wangu ulibaki 2017. "Huyu katoka jela au Ulaya?" akauliza mmoja. Ikabidi ninunue ndoo yenye mfuniko. Kijana akanitilia barafu bure, nadhani kwa huruma. Tulipofika kituo cha Fire ndoo ilishaanza kudondosha maji, na dada aliyekaa karibu yangu akahamia mlango wa mbele bila kusema kitu.

Saa tatu niko nyumbani. Kumenya kilo mbili za kamba wenye vichwa si mchezo, na ukimaliza unabaki na kama kilo moja. Tulikaa watatu kuzunguka beseni. Nikawasimulia kwamba Bahari ya Kaskazini ina kamba wadogo wa kijivu ambao Wajerumani wanawapenda kwenye mkate, na kwa kuwa kuwamenya kwa mkono Ulaya ni ghali, wengi hupakiwa kwenye malori yenye baridi, hupelekwa Moroko kumenywa na kina mama wa huko, kisha hurudishwa kuuzwa Ujerumani. Shangazi akamwangalia kamba aliyekuwa mkononi mwake.

"Si wangetuletea sisi? Tumekaa tu hapa."

Vichwa nilitaka kuvitupa. Shangazi akanipiga kofi la mkono. Mama wa Napoli naye aliwahi kuniambia ladha yote iko kichwani, ila kamba wangu wa friza huja wameshakatwa, kwa hiyo sijawahi kulijaribu. Vichwa vikaenda kwenye bakuli lao.

Nilitoka kwenda dukani kutafuta tambi na mafuta ya zeituni. Niliporudi, nusu ya kamba walikuwa wamegeuka weupe. Mama alishawakamulia ndimu na chumvi kutoa shombo, kama anavyomfanyia samaki yeyote anayeingia nyumba hii. Kwa changu au nguru sina ugomvi naye. Lakini nyama ya kamba ni laini, ndimu ikikaa saa nzima inaanza kumpika bila moto, na ukimweka jikoni unatafuna pamba. Nikawasuuza haraka na kuwatenga. Mama alinitazama kama ninayeosha baraka.

Kuhusu ndimu na machungwa, hapa kwetu ndiko chakula hiki kilipaswa kuzaliwa. Hamburg malimau mengi ya dukani yana nta na dawa kwenye ganda, na kuna nyavu zimeandikwa kabisa kwamba ganda si la kula, hivyo inabidi utafute yale ya bei ya juu. Magomeni nilimtuma mtoto wa dada yangu kwa jirani mwenye mti, akarudi na limau tano na ndimu za nyongeza. Chungwa lilikuwa la Muheza, kijani nje, sukari ndani. Huyu mtoto aliwahi kuniona kwenye video nikimenya chungwa la Ulaya akadhani nimelipaka rangi. Nikamweleza: ukijani wa ganda hupotea usiku ukiwa wa baridi, na Muheza haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo chungwa linaiva na ukijani wake. "Kwa hiyo yale ya kwenu yamepigwa na baridi, mjomba?" Ndiyo, kama mjomba wako.

Ile hesabu ya dakika kumi na tano ilikufa saa moja kasorobo jioni, nilipogundua jambo ambalo ningelikumbuka kabla ya kujigamba: mtungi wa gesi wa kilo 6 una moto mmoja. Maji ya tambi yakiwa juu yake, kamba watapikwa wapi? Shangazi akawasha jiko la mkaa. Mkaa ukishika haukusikilizi, huwezi kuuambia moto mdogo. Saumu zangu, zile za Mbulu, ndogo na kali, ziligeuka nyeusi nikiwa nageuka kutafuta mwiko. Nikamwaga, nikaanza upya, safari hii naipandisha sufuria na kuiteremsha kama mtu anayebembeleza mtoto.

Kwanza vichwa na maganda kwenye mafuta, nikavibana kwa mwiko mpaka mafuta yakawa mekundu kama machweo ya Oysterbay. Nikavitoa. Saumu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, kamba juu yake. Hapo hapo walibadilika kutoka kijivu kuwa waridi. Nikateremsha sufuria kabisa, ndipo nikakamua limau moja na nusu ya chungwa. Juisi ikichemka sana inapoteza harufu na kubaki ukali mtupu. Chungwa ni wazo langu, mama wa Napoli hahusiki, linalainisha limau. Kotimiri nikaikata badala ya yale majani yao.

Kule kwenye gesi, mama alikuwa ameshazivunja tambi vipande viwili kabla ya kuzitumbukiza, "zienee sufuria." Napoli isisikie. Nikachota upawa wa maji yake mazito, nikachanganya vyote nikivirusharusha mpaka mchuzi ukaacha kuwa mafuta na maji, ukashika tambi kama utando.

Tulikula baada ya Isha, kwenye sinia, kwa mkono. Watoto walikuwa wanazinyonya tambi kwa sauti. Shangazi alimaliza upande wake, akavuka mpaka. Wale kamba waliorowekwa ndimu walikuwa wakavu kama nilivyotabiri, na mama aliwala hao hao, mmoja baada ya mwingine, bila kusema kitu. Kisha akasema ni kitamu lakini kinaomba tui.

Baadaye, wengine wakiwa wameingia ndani, akaniuliza, "Huko hii unakula na nani?"

"Peke yangu, mama. Natoka kazini usiku."

"Unapakua lakini?"

Nikasema napakua. Alinitazama kidogo, akaanza kukunja mkeka.

Nimerudi Hamburg wiki tatu sasa. Juzi nikiwa zamuni simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, dakika nne nzima, na nyuma yake nasikia shangazi akipinga kila sentensi. Wamepika tambi za chumvi. Kamba hawakupata wa bei ya maana, wameweka dagaa, na tui limo, hilo hakuniomba ruhusa. Shida ni moja: yale maji ya tambi ninayochota, ni ya mwanzo zikiwa zinachemka au ya mwisho? Na upawa mmoja ni upawa upi, wa mchuzi au wa uji? Maana wao wametia yote na sasa wana sufuria ya uji wa dagaa wenye limau, na jirani ameshaitwa kula.

Nikatoka koridoni kumjibu.