Siku moja na kinanda cha mabomba, Shanty Town Moshi

Saa 12:30 asubuhi. Bodaboda kutoka Pasua, begi la vifaa mgongoni. Mimi ni seremala, milango na makabati ndiyo yanayonilisha. Ila tangu mzee mmoja mstaafu aletewe kinanda cha kanisa lililofungwa huko Ujerumani, kazi yangu kubwa imekuwa kuwinda upepo unaovuja, maana kinanda hiki hulia kwa upepo unaopita kwenye mabomba.

Saa 2. Shikamoo, chai, maandazi, kazi. Naanza na sanduku la upepo, lile mabomba yanaposimama. Mbao zilizozoea baridi zimekutana na kiangazi cha Moshi, zikakauka na kupasuka. Upepo ukipenya ufa ukaingia tundu la jirani, bomba ambalo hujaligusa linalia lenyewe. Nawasha kijiti cha udi, nakipitisha polepole kwenye maungio. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukipinda, pana tundu. Leo umepinda pembeni kabisa, mahali ambapo jicho halioni kitu. Nabandika utepe wa ngozi ya kondoo kwa gundi ya kuchemsha.

"Fundi, si ungetumia gundi ya dukani tu?"

"Ya dukani ikishika imeshika, Mzee. Hii, atakayekuja baada yangu ataiyeyusha kwa maji ya moto."

Saa 5. Mabomba ya besi. Sebule haina dari ya kanisa, lakini haya ni ya mbao na yamezibwa juu, na bomba lililozibwa hutoa sauti ya lililo wazi lenye urefu mara mbili. Kwa hiyo futi nne zinafanya kazi ya futi nane. Mabomba ya madini ya risasi na bati ni laini mno, ukiyabana kidole kinaacha alama. Watoto wamepigwa marufuku sebuleni.

Saa 7. Ndizi nyama. Mzee anataka tutuni sasa hivi, yaani tulinganishe sauti za mabomba, nakataa. Hewa ikipata joto, sauti ya bomba inapanda, na mchana jua linapiga dirisha la upande mmoja tu. Mabomba ya upande ule yatapanda kuliko mengine. Yeye hupiga jioni, basi tutatuni jioni.

Saa 9. Umeme umekatika, feni inayopuliza upepo kwenye kinanda kimya. Bahati nzuri mpini wa zamani wa mvukuto upo. Mjukuu anapampu, jasho linamtoka: "Babu, hii ni gym!"

Saa 12 jioni. Umeme umerudi, nyumba imepoa. Mzee anabonyeza kitufe, mabomba mawili yanalia pamoja, sauti inayumba wau-wau-wau. Kichwani mwa moja kuna kola ya bati. Naigonga juu kidogo, bomba linarefuka, sauti inashuka, na kule kuyumba kunapungua mpaka kunaisha. Napenda hapo kuliko malipo, ingawa malipo nayachukua.

Safu moja ya mabomba imekamilika. Ya pili kesho jioni, maana asubuhi nina mlango wa mteja Kiborloni.