Windows haionekani kwenye menyu ya GRUB? Usifomati kwanza

Umeweka Ubuntu pembeni ya Windows, umewasha mashine, na menyu inaonyesha Ubuntu peke yake. Wengi hapo hukimbilia kufomati. Tulia. Mara nyingi Windows iko palepale ilipokuwa, ila GRUB, programu inayoonyesha menyu hiyo ya kuchagua mfumo, haijaambiwa iitafute.

Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine yenyewe; kazi hiyo ilizimwa kwa sababu za usalama. Fungua faili la mipangilio:

sudo nano /etc/default/grub

Hakikisha mistari hii imo, bila alama ya # mbele yake:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=10

Hifadhi, kisha:

sudo update-grub

Usifunge terminali kabla ya kusoma majibu. Unachotaka kukiona ni "Found Windows Boot Manager". Na tafadhali, usiguse grub.cfg kwa mkono: kerneli (kiini cha Linux) mpya ikiingia, faili hilo huandikwa upya na jasho lako linapotea.

Haikuonekana bado? Basi shuku namna mifumo ilivyowekwa. Andika ls /sys/firmware/efi. Ukiambiwa folda haipo, Linux (yaani Ubuntu yako) imewashwa kwa BIOS ya zamani (Legacy), si kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine. Upande wa Windows, fungua msinfo32 uangalie "BIOS Mode". Ikiwa mmoja uko UEFI na mwingine Legacy, GRUB haitaweza kuirukia Windows hata ufanyeje. Dawa ni kuiweka Linux upya, safari hii flashi ikiwashwa kwa namna ileile ya Windows.

Tatizo la kinyume ni mashine kuingia Windows moja kwa moja. Washa huku ukibonyeza F12 kwa mashine nyingi (HP ni F9), chagua ubuntu, kisha andika sudo efibootmgr. Utaona namba za kila mfumo. Kama Ubuntu ni 0003 na Windows 0000:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Zipo laptopu zinazopuuza amri hii. Kwa hizo, panga foleni ndani ya BIOS kwenyewe. Lakini kabla ya kugusa Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaokagua kinachowashwa), nakili ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wenye tarakimu 48. Bila huo, Windows inaweza kukufungia nje.

Zima pia Fast Startup kwa kuandika powercfg /h off kwenye terminali ya Windows iliyofunguliwa kama msimamizi. Ikiachwa, Windows haizimiki kabisa, hulala tu, na Linux hukataa kuandika kwenye patisheni zake.

Saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa tatu kila utokapo Linux, betri ya CMOS (inayotunza saa ya mashine) haina kosa. Linux huandika saa ya UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa, nasi Afrika Mashariki tuko UTC+3. Kwenye Linux, andika:

timedatectl set-local-rtc 1