Kutoka Deptford, London, hadi Dover kwa pikipiki ya 125, bila kukanyaga motawei

Wote wanaokwambia "shika A2 tu, itakumwaga baharini" wana magari. Nimeambiwa hivyo kinyozini, nimeambiwa msikitini, nimeambiwa na jirani ambaye hata Dover hajawahi kufika. Hakuna aliyenitajia kwamba ukiifuata A2 bila kukunja kona, karibu na Strood inageuka M2, barabara ya kasi waitayo motawei, chini ya magurudumu yako. Anayenyoosha moja kwa moja ndiye anayeingia motawei. Anayetaka kubaki A2 lazima achepuke kushoto kuelekea Strood na Rochester. Mimi nina pikipiki ya 125 yenye vibao vya L vya mwanafunzi mbele na nyuma, na cheti cha CBT, kile cha mafunzo ya mwanzo ya pikipiki, hakikuruhusu motawei wala kubeba abiria.

Dada yangu anaishi Dover. Nauli ya treni ukikata tiketi siku ileile, kwenda na kurudi, Kilifi unapata mbuzi. Petroli ya pikipiki yangu safari nzima haifiki mbali sana na pauni kumi. Na mimi nimeendesha bodaboda Mombasa, nimevuka feri ya Likoni na sofa mgongoni na mwenye sofa akiwa amekaa juu yake. Maili sabini na ushei za Kent zinishinde?

Kuna babu mmoja mtu wa Lamu, anakaa Woolwich miaka mingi, zamani aliendesha lori. Nikamwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Dover? Achana na hiyo A2 mpya. Pita njia ya Warumi."

Babu hakukosea. Warumi waliivuta barabara kutoka bandari za Kent kupitia Canterbury mpaka London, Waingereza wakaja kuiita Watling Street, na sehemu kubwa bado ipo, imebadilishwa namba tu. Kuanzia Shooters Hill inaitwa A207, inapita Welling, Bexleyheath na Crayford. Upande wa Dartford unashika A226 kwenda Gravesend mpaka Strood, na pale unaikuta A2 ya zamani inayopita katikati ya miji. Akanitajia kila mji kwa mpangilio, kidole kikitembea juu ya kitambaa cha meza. Kasoro yake ni moja: babu aliacha kuendesha kabla ya Aprili 2023.

Nilitoka mchana, mvua ikinyesha ile ya kwao isiyolowesha haraka lakini haiachi. Welling sawa, Dartford sawa, Greenhithe sawa. Swanscombe nikakuta vizuizi. Barabara haipo! Ile sehemu ya Galley Hill iko juu ya ukuta wa chokaa, kwa sababu viwanda vya saruji vilichimba pande zote mbili miaka na miaka vikaacha barabara peke yake kileleni. Aprili 2023 ukingo ukameguka, kipande cha barabara kikateremka bondeni kwenye karakana zilizo chini, na njia ikafungwa. Nimesimama pale na helmeti inatiririka maji, simu iko mfukoni inaniamuru nigeuke, glavu zimelowa hata kioo hakisikii kidole.

Nikafuata vibao vya njano vya kuzunguka, vikanipotea Ebbsfleet, na kilichobaki mbele yangu kilikuwa ni ile A2 kubwa yenyewe. Nikasema potelea mbali, nitaipanda kipande kimoja tu. Ndugu zangu, pikipiki yangu ikiwa na moyo mkunjufu inafika maili 55 kwa saa, na kwenye mwinuko na upepo wa mbele inafika pale inapojisikia. Nyuma yangu malori ya kwenda Dover, namba za Poland na Romania, yamepanga foleni ya kunipita. Lori likikukaribia, upepo wake unakusukuma pembeni. Likikupita, unakuvuta uingie chini yake. Halafu linakumwagia maji yote ya barabarani usoni. Dereva mmoja alinipigia honi ndefu mpaka nikajua Kiromania. Mchepuko wa kwanza wa Gravesend ulipotokea nikatoka, nikanywa chai kwenye kituo cha mafuta, nikaanza kurudi nyumbani. Sikuogopa. Nilipiga hesabu.

Na kwenye kurudi huko ndiko nilikookota ujanja wangu. Kutoka Dartford nikajikuta nyuma ya basi namba 96. Hili ni basi jekundu la London lakini linatoka nje kabisa ya London: linaanzia Woolwich, linapita Welling, Bexleyheath, Crayford na Dartford mpaka maduka ya Bluewater. Nikalifuata kivivu, kwa vile mvua ilinikataza kufikiri, na baada ya muda nikashtuka kwamba sijatazama kibao hata kimoja na niko Welling. Basi la mjini haliingii motawei. Haliwezi: lina abiria wa kushusha kila mtaa. Basi linafuata miji, na mimi shida yangu ni hiyohiyo.

Usiku ule nikaibandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, juu ya tangi la petroli, nikaandika kwa kalamu nene majina ya miji tu, bila namba ya barabara hata moja. Namba ndizo zinazodanganya watu. Rochester haijawahi kubadilika ikawa kitu kingine.

Jumapili moja kavu nikatoka alfajiri. Deptford Bridge, ukapanda Blackheath Hill, ukavuka uwanda wa Blackheath mpaka raundabauti ya Sun in the Sands. Hapo magari yote yanateremka kuingia A2 kubwa kama yameitwa. Wewe unanyoosha, unapanda Shooters Hill, mita 132 juu ya bahari, na basi la kufuata hapo ni 89 mpaka Welling. Welling unabadilisha, unashika 96. (Njia za mabasi kwenye barabara za London zenye mistari myekundu, pikipiki tunaruhusiwa nyingi zake, soma kibao, usiniamini mimi.) Ila ukishaingia Kent usije ukafuata yale mabasi ya Fastrack. Yana njia zake peke yake, na wewe si basi.

Galley Hill safari hii sikuisogelea. Nilikata kupitia mitaa ya Swanscombe, nikazunguka kituo cha Ebbsfleet, kile kikubwa ambacho treni za Paris hazisimami tena tangu 2020, nikatokea Northfleet karibu na uwanja wa Ebbsfleet United. Kutoka Gravesend mpaka Strood ni raha tupu: mashamba, kona ndefu, na pale Higham unapita mbele ya Gads Hill Place, nyumba aliyofia Charles Dickens mwaka 1870. Nilipunguza gia kwa heshima.

Daraja la Rochester halina tozo. Linatunzwa na wakfu ulioanzishwa mwaka 1399, una mali zake wenyewe na unalitunza kwa fedha zake. Mtu wa pwani akisikia neno wakfu anaelewa mara moja. Ukivuka unaiona ngome na kanisa kuu upande wa kulia, halafu mambo yanakuwa magumu: Chatham Hill. Pikipiki ya 125 na mtu mzima mwenye koti la baridi na birika la zawadi kwenye sanduku la nyuma, ni gia ya pili mpaka juu. Mama mmoja mwenye baiskeli ya umeme alinipita akaniambia habari za asubuhi.

Gillingham, Rainham, Newington. Newington barabara ni nyembamba na nyumba zimeisogelea sana, lori na basi vikikutana pale kila mmoja anashika pumzi, lakini pikipiki inapenya. Sittingbourne ni mizunguko ya njia moja, sina la kusema. Baada ya hapo ni bustani za matunda. Teynham ndiko mtunza matunda wa Mfalme Henry VIII alikopanda micheri mwaka 1533, na nje ya Faversham, Brogdale, kuna mkusanyo wa taifa wa matunda wenye aina zaidi ya 2,000 za matufaha peke yake. Ospringe kuna jengo la Maison Dieu, lililobaki kutoka hospitali ya mahujaji wa Canterbury. Kumbe si mimi wa kwanza kupita huku nikiwa nimechoka makalio.

Brenley Corner ndipo pa kufungua macho. M2 inakufa pale, magari yanatoka motawei yakiwa bado na kasi yake, na raundabauti ni moja. Kaa njia yako, toa ishara mapema, usijifanye unajua. Ukishavuka, toka uingie Boughton, kijiji cha njia ya zamani, upande kilima mpaka Dunkirk. Mnara mrefu wa chuma unaouona pale ni wa rada ya vita vya pili vya dunia. Baada yake kipande kifupi cha A2 hakikwepeki, kisha unachepuka Harbledown kuteremkia Canterbury. Nilikula chipsi huko, bei ya watalii, zimekatwa nene na hazina pilipili.

Kutoka Canterbury unatokea kwa New Dover Road mpaka Bridge. Wanakijiji wa hapa miaka ya 1970 walichoka na malori wakaenda kuziba barabara kwa miili yao, wakajengewa ya kupita pembeni. Nawapongeza, ingawa maana yake ni kwamba kutoka Bridge mpaka Lydden ilibidi nivumilie A2 yenyewe. Jumapili malori ni machache. Siku ya kazi nisingekushauri. Lydden nikatoka, nikateremka na njia ya bondeni kupitia Temple Ewell na River mpaka Buckland, na hapo uko Dover mjini. Wengi wanashukia Jubilee Way, lile daraja la juu linaloning'inia kuelekea bandarini. Mandhari nzuri sana, nimeambiwa. Upepo pia.

Dada alifungua mlango akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akaona tepu kwenye tangi.

"Umeandika miji kama orodha ya sokoni?"

"Na nimeimaliza yote, dadangu."

"Haya, ingia ukaoge, unanuka moshi. Birika liko zima?"

Lilikuwa zima. Shemeji akaanza kunieleza A20 ya kupitia Ashford na Maidstone, eti nayo ni rahisi, unaifuata tu. Nikamwomba anitajie miji, akataja miwili akanyamaza. Cheti changu cha CBT kina miaka miwili tu na kinakaribia kuisha, kwa hiyo nimeshajiandikisha mtihani kamili. Nikifaulu, siku ileile naipanda M2 kutoka mwanzo mpaka mwisho, nione walikuwa wananificha nini.