Daftari la makosa: nilivyojiandaa kwa mtihani wa PMP nikiwa Moshi

Nimekuwa nikisimamia miradi ya maji vijijini mkoani Kilimanjaro tangu mwaka 2016, na kwa miaka yote hiyo nilijifunza kazi kwa kuifanya: kupima chanzo, kuchimba mitaro, kulaza mabomba ya maji ya mserereko, kujenga tenki na vilula (vituo vya kuchotea maji), kisha kukabidhi mradi kwa jumuiya ya watumia maji. Mwaka 2023 nafasi niliyoitamani sana ilitangazwa, na miongoni mwa masharti yake mwombaji alitakiwa awe na cheti cha PMP, yaani cha umeneja wa miradi, kinachotolewa na PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969. Nafasi ile iliwahiwa na mwingine, lakini nia ya kupata cheti ilibaki. Nilianza kujiandaa mwezi Julai na nikafanya mtihani mwezi Desemba. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofanya kazi za mashambani na vijijini kama mimi, kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata yalikuwa ya watu wa maofisini katika nchi za mbali, na kilichonisaidia mimi kilikuwa kitu kingine.

Sharti la kwanza ni uzoefu. Wakati ule mwenye shahada ya miaka minne alitakiwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka minane iliyopita. Asiye na shahada, mwenye elimu ya sekondari, alitakiwa miezi 60. Juu ya hayo kulikuwa na saa 35 za mafunzo rasmi ya usimamizi wa miradi, ambazo mimi nilizipata kwa kozi ya mtandaoni, nikisoma usiku. Jambo lililonichukua muda ni hesabu ya miezi. Kwa miezi 14 niliwahi kusimamia miradi miwili kwa pamoja, na nilikuwa nimeihesabu mara mbili hadi nilipobaini kwamba miezi inayolaliana huhesabiwa mara moja tu. Ilinibidi nirudi kwenye ripoti za zamani na kupanga upya kila mradi: lengo lake, wajibu wangu na matokeo yake. Kwa kuwa baadhi ya maombi huchaguliwa ili yahakikiwe, nilifunga safari hadi Rombo kumwona mkuu wangu wa zamani, ambaye amestaafu, nimweleze nilichokiandika na kumwomba awe tayari kuthibitisha. Alisoma kila ukurasa, akanisahihisha tarehe moja, akasema, "Hii kazi uliifanya kweli, mwanangu, nitaithibitisha." Maombi yangu hayakuchaguliwa kuhakikiwa, lakini nilifanya mtihani nikiwa na utulivu wa mtu ambaye karatasi zake ziko sawa.

Nilipoanza kusoma, nilianza vibaya. Nilikuwa nimepewa nakala ya toleo la sita la mwongozo wa PMI, la mwaka 2017, ambalo limepanga usimamizi wa mradi katika michakato 49, na kila mchakato una mahitaji yake, mbinu zake na mazao yake. Nikajiambia kwamba nikiikariri yote nitafaulu. Kwa wiki sita niliamka saa kumi na nusu alfajiri, nikachora majedwali ukutani, nikayakariri. Toleo la saba, la mwaka 2021, lilikuwa limekwisha kutoka, nalo limejengwa juu ya kanuni 12 badala ya michakato; na mtihani wenyewe, kwa mpangilio ulioanza Januari 2021, ulikuwa umegawanywa katika maeneo matatu: watu asilimia 42, mchakato asilimia 50 na mazingira ya taasisi asilimia 8. Tena karibu nusu ya maswali yalihusu mbinu nyumbufu, ya kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupanga upya kila mara, ile tunayozoea kuiita ajaili, au mchanganyiko wake na mbinu ya kupanga yote mwanzoni. Hayo yote yalikuwa yameandikwa katika muhtasari wa mtihani ambao mtu yeyote aliweza kuusoma bila malipo, nami sikuufungua hadi mwezi Septemba. Mtihani wangu wa kwanza wa kujipima, wenye maswali 180 kama mtihani halisi, nilipata 97.

Siku hiyo niliweka majedwali pembeni na kununua daftari kubwa la kurasa 200. Kwa kila swali nililokosa niliandika mambo manne: nilichagua jibu gani, kwa nini nililiona sahihi, swali lilikuwa likiuliza nini hasa, na jibu sahihi lilikuwa na sababu gani. Nilijiwekea sharti moja, kwamba haya yote yaandikwe kwa Kiswahili. Mtihani hutolewa kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo, na mimi nilikuwa nimezoea kusoma Kiingereza cha kazini haraka haraka, nikidhani nimeelewa kwa sababu kila neno nalijua. Nilipolazimika kusema jambo lile lile kwa lugha yangu, niligundua kwamba maneno mengine nilikuwa nayatamka kwa miaka bila kuyatenganisha. Mfano mzuri ni kihatarishi na tatizo. Katika ripoti zangu nilikuwa nikiyachanganya. Nilipoandika kwamba kihatarishi ni jambo ambalo halijatokea na huenda likatokea, na tatizo ni jambo lililokwisha tokea, maswali zaidi ya kumi niliyokuwa nimeyakosa yalifunguka kwa mara moja, kwa kuwa la kwanza huandaliwa mpango na la pili hutafutiwa ufumbuzi na mtu wa kulibeba.

Baada ya wiki mbili nililisoma daftari lote kwa mfululizo, na hapo nikauona ugonjwa wangu. Katika maswali 83 niliyokosa, sehemu kubwa nilikuwa nimechagua jibu la aina moja kati ya hizi mbili: kulipeleka suala kwa mkubwa, au kuchukua hatua kabla ya kujua kiini chake. Maswali ya PMP hupenda kuuliza meneja afanye nini kwanza, au afanye nini baadaye, na majibu yote manne huwa ni mambo ambayo meneja angeweza kuyafanya siku moja au nyingine. Anayejua kazi lakini hajatafakari mpangilio wake hupotea hapo.

Swali mojawapo la kujipima lilihusu mdau aliyezuia kazi isiendelee katikati ya utekelezaji. Nilijibu kwamba meneja amjulishe mfadhili wa mradi. Jibu sahihi lilikuwa kukutana na mdau huyo na kuelewa pingamizi lake. Nilipokuwa naandika maelezo yake daftarini nilikumbuka mzee mmoja wa upande wa Kibosho ambaye aliwahi kutuzuia kupitisha mtaro katika kihamba chake, yaani shamba la nyumbani kwake. Wakati ule niliandika barua ya malalamiko kwenda ngazi ya wilaya, na tukapoteza wiki tatu tukisubiri majibu. Mwishowe nilikwenda kwake nikiwa na balozi wa nyumba kumi. Tulipokwisha kusalimiana, shikamoo na marahaba, na kukaa chini ya mgomba, alituonyesha kwa mkono: mstari wa mtaro ulikuwa unapita kwenye makaburi ya wazazi wake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulisogeza mtaro mita chache, akatuletea vijana wake wawili wa kuchimba. Kwa hiyo jibu la mtihani nilikuwa nimelishika mkononi miaka mitano kabla, na bado nililikosa, kwa sababu sikuwa nimewahi kukaa nikajiuliza tukio lile lilinifundisha nini. Tangu hapo kila swali nililokosa nilitafuta tukio la kazi yangu linalofanana nalo, na karibu kila mara nilipata.

Mabadiliko ndiyo yaliyonisumbua kuliko yote. Vijijini, mwenyekiti wa kijiji akiomba kilula kimoja cha ziada karibu na shule na mabomba yamebaki, kilula hujengwa, na watu hushukuru. Kwa mtazamo wa mtihani, katika mradi uliopangwa mwanzoni, ombi kama hilo huandikwa, athari zake hupimwa katika muda, gharama na ubora, kisha hupelekwa kwa wenye mamlaka ya kuidhinisha, na ndipo hutekelezwa. Mwanzoni niliona huo ni urasimu usiojua maisha ya kijijini. Nilibadili mawazo nilipokumbuka mradi ambao vilula vitatu vya hisani vilipunguza mgandamizo wa maji hadi kitongoji cha mwisho kikawa kinapata maji usiku tu. Kupima athari kabla ya kukubali ni kumheshimu mtu wa kitongoji cha mwisho, ambaye hakuwepo ombi lilipotolewa.

Kuhusu mbinu nyumbufu, nisingefika bila wenzangu. Tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja mhasibu wa miradi aliyekuwa akija kutoka Arusha kila Jumamosi, mwendo wa takriban kilomita 80, na kijana wa TEHAMA ambaye ofisi yake hapa Moshi, maeneo ya Soweto, ilikuwa darasa letu. Kwake kugawa kazi katika vipindi vya wiki mbili, kumwonyesha mteja kilichokamilika na kupanga upya orodha ya kazi kulingana na maoni yake ni jambo la kila siku. Mimi niliona hilo haliwezi kuhusu mabomba. Akaniuliza, "Kaka, hujawahi kujenga kitu ukakionyesha, kisha ukabadilisha kinachofuata?" Nikakumbuka kilula cha kwanza cha mradi mmoja, ambacho kina mama walitueleza kwamba ndoo ya lita 20 haiingii vizuri chini ya bomba, tukainua bomba katika vilula vyote vilivyofuata. Tulikuwa tumefanya jambo lile lile bila kulipa jina. Katika mbinu hii ombi la mwenyekiti wa kijiji lingeingizwa kwenye orodha, na mwenye bidhaa, yaani anayesimamia orodha hiyo, ndiye angeamua lipewe kipaumbele gani. Tofauti hiyo moja ilinipa alama nyingi.

Dada yule naye alitufundisha hesabu. Zilikuwa chache katika mtihani wa wakati ule, lakini maana yake iliulizwa. Alituchorea mfano wa mtaro wa kilomita 6 wenye bajeti ya shilingi milioni 60 kwa miezi sita. Mwishoni mwa mwezi wa tatu tulipaswa kuwa na kilomita 3, yaani thamani iliyopangwa ni milioni 30. Tumechimba kilomita 2.4, thamani iliyopatikana ni milioni 24, na tumetumia milioni 32. Gawanya 24 kwa 32 upate 0.75: kila shilingi tuliyotoa imeleta kazi ya senti 75. Gawanya 24 kwa 30 upate 0.8: tuko nyuma ya ratiba. Na tukiendelea hivyo, milioni 60 gawanya kwa 0.75, mtaro utatugharimu milioni 80. Sijawahi kusahau tena.

Mwezi Novemba nilifanya mitihani mizima mitatu kwa kutumia saa. Wakati ule yalikuwa maswali 180 kwa dakika 230, kama sekunde 76 kwa kila swali, na kulikuwa na mapumziko mawili ya dakika kumi, moja baada ya swali la 60 na jingine baada ya la 120. Ukishathibitisha sehemu na kwenda mapumzikoni huwezi kuirudia. Nilijiwekea alama mbili tu za njiani: nimalize swali la 60 nikiwa na dakika zisizopungua 154, na la 120 nikiwa na 77. Alama zangu zilipanda hadi 131, kisha 138, kisha 144.

Nilichagua kufanya mtihani kwa mtandao, na hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipokuwa. Mgao wa umeme ulikuwa umeanza tangu Septemba na mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa nzito. Basi niliandika orodha ya vihatarishi vyangu mwenyewe: umeme, mtandao, kelele, mtu kuingia chumbani. Nilikodi chumba kidogo cha mikutano katika hoteli yenye jenereta hapa mjini, nikaenda siku mbili kabla kujaribu kompyuta mpakato ile ile kwenye mtandao ule ule, nikafunga ruta, kifaa cha kusambaza intaneti, kwenye betri ya akiba. Ubao wa chumba ulikuwa na maandishi ya kikao cha watu wengine, nikaufuta. Niliomba mlango uwekwe tangazo na mhudumu akae karibu nao. Asubuhi ya mtihani nilipiga picha za chumba pande zote nne kama inavyotakiwa, nikaonyesha pasi ya kusafiria, na msimamizi akaniandikia nimwonyeshe na chini ya meza.

Katika sehemu ya pili, karibu na swali la 90, taa zilizimika. Kompyuta iliendelea kwa betri yake, ruta kwa betri yake, na kabla sijamaliza swali lile nikasikia jenereta ikinguruma nyuma ya jengo. Sikuinua macho kutoka kwenye skrini, kwa kuwa msimamizi anakutazama muda wote na kuangaza angaza kunaweza kutafsiriwa vibaya. Nilifika swali la 120 nikiwa na dakika 79. Sehemu ya tatu ilikuwa ngumu kwa uchovu, na hapo nilishukuru kwa mitihani mizima ya Novemba, maana mwili ulikwisha zoea kukaa muda huo.

Skrini ilionyesha kwamba nimefaulu. Ripoti iliyofuata ilionyesha juu ya lengo katika eneo la watu na kwenye lengo katika mchakato, jambo ambalo kwa mtu aliyetumia wiki sita kukariri michakato lilinifikirisha sana. Cheti hudumu miaka mitatu, na ili kukihuisha inanibidi nikusanye pointi 60 za kujiendeleza, nimeanza kuzihesabu.

Nilipompigia dada yule simu, mtihani wake ulikuwa umebakiza siku tisa. Maswali hayaruhusiwi kusimuliwa, na hakuniuliza. Aliniuliza kuhusu muda, kuhusu ruta, na kuhusu sehemu ya mabadiliko, ambayo naye ilikuwa ikimsumbua. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Arusha, nikampelekea daftari.